Kabichi za Mnada

Ukikaa kwenye kiti cha msusi yule, ulitoka na nywele zimesukwa na habari za mtaa mzima kichwani. Watu walimwita Spika, maana sauti yake haikuhitaji umeme. Kwa sauti hiyo wazazi walimchagua aongoze changizo la bustani ya shule, ili watoto walime mboga za chakula chao cha mchana na shule ipate tangi la maji.

Spika alijituma kweli. Aliingia duka hadi duka, akabembeleza, akatania. Alimfuata fundi magari hadi uvunguni mwa gari, mpaka yule bwana, akiwa bado amelala chali, akaahidi kuja kwenye changizo. Siku yenyewe kungekuwa na mnada wa mboga zilizolimwa na watoto.

Asubuhi ya mnada alikwenda kuzichukua. Akakuta mchicha mwembamba, majani yametobolewa na wadudu. Bomba la shule lilikuwa limekauka zamani, na watoto walimwagilia kwa maji waliyobeba kutoka nyumbani kwenye chupa. Binti yake wa darasa la tano ndiye aliyemtembeza kwenye matuta, anatabasamu hadi magego yanaonekana.

Mama naye alitabasamu, lakini moyoni aliona haya. Aliwaza wageni aliowapigia debe na jinsi watakavyomcheka. Binti alipoingia darasani, mama akaung'oa mchicha, akauficha kwenye stoo ya shule chini ya gunia, akakimbilia sokoni. Alirudi na kabichi nono, zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

Mnada ulinoga. Fundi magari alishindana na mama mwenye duka la dawa mpaka watu wakasimama kuona vizuri. Aliposhinda, akainua kabichi yake juu, akamwita binti wa Spika mbele.

"Hebu tuambie, mwanangu. Mmefanyaje mpaka zikawa kubwa hivi?"

Binti aliitazama kabichi. Akamtazama mama yake, aliyeshika kipaza sauti.

"Tulimwagilia asubuhi na jioni," alisema taratibu. "Tulijitahidi sana."

Makofi yakapigwa. Spika alishusha kipaza sauti. Mtoto huyu hata akivunja kikombe huja mwenyewe kusema. Leo amedanganya mbele ya shule nzima, wala hakutumwa. Amemsitiri mama yake.

Spika alimkabidhi mwalimu mkuu kipaza sauti, akasingizia koo, akaenda kujificha stoo. Chini ya gunia mchicha ulikuwa umenyauka. Muda si muda binti akasimama mlangoni.

"Mama, wenzangu wanauliza mchicha wetu uko wapi. Niwaambie nini?"

Aliuliza bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomkata mama maini.

"Usiwaambie kitu. Nitasema mwenyewe."

Alirudi mbele amekumbatia mchicha. Sauti ile ikamgoma. Waliokaa nyuma walimwomba arudie, ikabidi aungame mara mbili. Kwamba kabichi ni za sokoni. Kwamba mboga za watoto ni hizi, na yeye alizionea haya. Kwamba mtoto amesema uongo kwa ajili yake.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mwenye duka la dawa alisonya, akabeba mkoba wake, akaondoka. Mwalimu mkuu alikodolea macho viatu vyake. Fundi magari aliirudisha kabichi mezani, akachukua fungu la mchicha, akasema mchango wake ubaki palepale. Lakini hakumtazama Spika usoni.

Tangi lilinunuliwa baadaye, dogo kuliko walilopanga. Spika aliachia uongozi kabla hajaambiwa. Wateja hawakumkimbia, walikaa, naye akasuka kimya, na wao kwa adabu hawakumuuliza kitu. Adabu hiyo ilimuuma kuliko masimango.

Binti yake aliombwa radhi njiani jioni ileile, akasema yameisha. Ila siku moja Spika alimuuliza kama amemaliza kazi za shule, naye akajibu ndiyo. Hapo mama akajikuta anamchunguza uso aone kama anasema kweli, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu amzae. Mtoto akaliona jicho lile. Akaenda kuleta daftari bila kuombwa, akalifungua mbele yake, na kazi yote ilikuwa imekwisha.