Mteremko wa Orpha Mendenhall

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kuhifadhi majengo ya kale katika bonde letu la Pennsylvania, na hakuna aliyepaka rangi hata dirisha bila saini yangu. Jumba la babu zangu liko juu ya kilima. Chini, karibu na kinu cha maji, kuna nyumba ya mawe ya Orpha Mendenhall na kaka yake, Amos, aliyekatwa miguu yote miwili.

Orpha aliomba kujenga mteremko wa mbao kwenye mlango wa mbele, Amos apate kutoka na kiti chake cha magurudumu. Tulimkatalia. Nilisema nyumba ile haijawahi kuwa na kitu cha namna hiyo.

Nilisema uongo. Juma moja kabla ya kikao niliona picha ya zamani kwenye sanduku la kumbukumbu za kinu: mlango uleule, na mteremko mpana wa kuviringishia mapipa ya tufaha. Niliirudisha chini ya makaratasi. Sikutaka kuona mbao mpya kutoka barazani kwangu.

Mwezi wa Mei nilipeleka mwaliko wa sherehe ya kinu. Nikamkuta Orpha, mwanamke wa miaka sabini na tisa, akimshusha kaka yake ngazini juu ya ubao. Mkono mmoja wa Amos ulikuwa umefungwa plasta.

"Karibu, mheshimiwa!" Amos akaniita. "Kagua mwenyewe. Mlango haujaguswa. Mimi tu ndiye niliyevunjika."

Alicheka.

Nilikwenda moja kwa moja kinuni, nikarudi na picha. Orpha aliitazama, akanitazama.

"Umeiona lini hii?"

"Kabla ya kikao."

"Kabla Amos hajaanguka?"

"Ndiyo, mama."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Niliionyesha kamati picha ile, nikakiri uongo wangu, nikajiuzulu. Kibali kilitoka siku hiyohiyo. Jumamosi nilikwenda na nyundo kusaidia kujenga. Orpha alinipokea mlangoni.

"Majirani wanatosha, Bwana Pennock," alisema kwa upole. "Picha tutabaki nayo."

Nilipanda kilima na nyundo yangu. Kutoka barazani niliwaona wakipigilia mbao hadi saa kumi, kisha Amos akateremka peke yake, taratibu, akishika ukingo kwa mkono wake mzima, mpaka barabarani. Watu wakapiga makofi. Nikaingia ndani, nisije nikaonekana nikitazama.