Picha ya Abdilatif

Kuruthumu hakwenda uwanja wa Kiirua kuomboleza. Alifuata picha.

Mwanawe Abdilatif alikuwa ameshazikwa Meru mjini ndani ya sanda yake, siku ya pili tu baada ya hosteli kule Nchiru kuwaporomokea wanafunzi usingizini. Wenzake walisubirishwa mochari mpaka mheshimiwa mbunge arudi safari, maana maiti wana subira kuliko wapiga kura. Ndipo Muriithi, kijana wa ofisi ya mheshimiwa, akaja kuomba picha ya marehemu. "Ni ya maombi tu, Mama Abdi. Nitarudisha." Simu ya Abdilatif ilisagika pamoja naye, na picha iliyobaki ilikuwa hiyo moja. Akaitoa. Siku zile hata angeombwa macho yake angeyatoa.

Uwanjani palikuwa na hema la wakubwa, spika za kupasua masikio, na majeneza yamepangwa mstari mbele ya jukwaa. La mwisho lilikuwa na msalaba mkubwa wa kung'aa. Chini ya msalaba alikuwa Abdilatif, anatabasamu.

"Hiyo iko na nani ndani?" akauliza.

"Haina mtu, mama," Muriithi akanong'ona. "Tuliambiwa wote waonekane. TV iko live. Kaa tu, picha utapewa."

Alijua ilimpasa kukasirika. Aliitafuta hasira asiione, akakaa. Mheshimiwa akaahidi uchunguzi, akawapiga vijembe wapinzani wake, kisha akatoa leso na kupangusa jicho kavu. Hapo wabebaji wakaanza kusogea.

Kuruthumu akaliendea jeneza, akaanza kubandua picha kwa ukucha. Gundi ilikuwa kali. Akainama zaidi, akawa anachokoa taratibu. Kamera zikamkimbilia. Mheshimiwa akashuka mbio na maikrofoni, akamshika mabega.

"Mnaona uchungu wa mama! Amekataa kuachana na kijana wake!"

Uwanja mzima ukaangua kilio.

"Niache," Kuruthumu akasema. "Natoa picha."

Hakuna aliyemsikia. Mheshimiwa alimvuta kifuani mwake, na picha ikachanika.

Jioni mumewe, Sulemani, alimpokea mlangoni.

"Umeipata?"

Akafungua kiganja. Paji la uso lilikuwepo, na macho. Tabasamu lilibaki Kiirua, limegandishwa chini ya msalaba.