Kilio cha Zahari

Asubuhi ya Jumanne Mama Gena alisimama chini ya dirisha la wodi ya wazazi akiwa na supu ya kuku ndani ya chupa ya achari. Katika mji wao mdogo wa kando ya mto Danubi, ndugu hawaruhusiwi kupanda juu. Unaita kutoka uani, kamba inateremshwa, unafunga chakula, kinavutwa. Wamezoea, hata mvua ikinyesha.

Juu, mkwe wake Nevyana alikuwa na ombi moja tu. "Dokta, ukinipasua nichome ile sindano ya ganzi ya mgongoni, niwe macho. Wa kwanza nilimzaa usingizini, nikaletewa kavikwa nguo tayari. Mpaka leo kilio chake cha kwanza sikijui."

"Ya mgongoni inataka utulivu, binti yangu," alisema Dokta Kolev akivuta dawa. "Usingizi ni chapchap. Wenzako wanangoja."

"Na mtoto naye si atasinzia?"

"Ataamka. Wote huamka."

Nevyana akalala kabla hajajibu.

Mtoto, Zahari, alitolewa salama ila amelegea, maana dawa ya mama ilimfikia naye. Walimsugua mgongo weee, mpaka akalia mara moja, kilio kizima, kisha akasinzia tena. Kwa vile mama hakuwa macho kukipokea, kilio kikatoka dirishani kikashuka uani. Mama Gena alikuwa ameshainywa supu yote kwa wasiwasi. Akakikinga kwa chupa, akafunga kifuniko.

Jioni mgonjwa wa kitanda cha jirani aliteremsha kamba.

"Vuta polepole, mwanangu," Mama Gena aliita.

"Ni supu?"

"Supu nimeimaliza mimi. Ni kilio cha mjukuu wangu. Mwambie Nevyana afungue akiwa naye."

Nevyana alimlaza Zahari kifuani, mshono ukimvuta, akafungua. Kilio kikatoka, kidogo, kikali, kikinuka siki na kitunguu saumu, kikazunguka kitanda. Zahari akaisikia sauti yake, akafumbua macho, akaanza kunyonya. Nevyana alimshukuru Mungu, akamshukuru mama mkwe, akamshukuru hata Kolev, kwa kuwa yeye na mtoto walikuwa hai. Alishukuru kwa sauti mpaka wodi nzima ikacheka.

Wiki iliyofuata uani kulijaa mabibi na chupa zao. Hospitali ikapigilia rafu ya mbao chini ya dirisha ili zisivunjike. Dokta Kolev akaendelea kuwalaza kina mama wote usingizi.

Nyumbani Rayna, yule wa kwanza, aliichukua chupa tupu akaiweka sikioni. "Na changu, bibi?"

"Siku yako nilileta mkate, mjukuu wangu," alisema Mama Gena. "Sikuwa na cha kukikingia. Kilinipita, kikaelekea mtoni."

Nevyana akampakata binti yake, ingawa mshono ulikuwa bado unauma. "Basi lia sasa, mama," alimwambia. "Niko macho."

Rayna alijaribu kwa bidii, akakunja uso, lakini kilichotoka ni kicheko. Nevyana akashukuru kwa hicho hicho.