Mkristo Hafi Hivyo

Nimekuwa katekista wa kigango chetu huku juu ya Matombo kwa miaka kumi na tisa. Padre anakaa misheni, na mvua ikinyesha barabara haipitiki, kwa hiyo mgonjwa akizidiwa huitwa Gervas, yaani mimi. Nilikuwa nakwenda na kitabu changu cha sala, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, nawaeleza watu namna ya kufa kana kwamba nilishawahi kwenda huko nikarudi. "Kifo ni mlango," nilikuwa nasema. "Piga hodi kwa adabu." Watu waliipenda kauli hiyo. Wengine waliirudia misibani, na mimi nikijifanya sisikii.

Nianze na nilichomfanyia Stephano. Nikichelewa nitaanza kutafuta maneno ya kujipendezesha, na najijua.

Stephano alikuwa jirani yangu, mkulima wa migomba na karafuu kama mimi, mtu wa miaka hamsini na mbili. Hospitali ya mjini walimwambia uvimbe wa ini umeshafika mbali, arudi nyumbani akapumzike. Alirudi wakati wa Kwaresima. Padre alikuja akampaka mafuta matakatifu, na siku mbili baadaye, asubuhi, wakaniita. Nilimkuta ameng'ang'ania kitenge cha mkewe Yustina kwa mikono yote miwili, analia kwa sauti kama mtoto anayepelekwa sindano. "Sitaki kufa. Yustina, usiniache. Sitaki."

Chumba kilikuwa kimejaa watu, na wote walinigeukia mimi. Hapo hasira ikanipanda, na haikuwa hasira ya dini. Ilikuwa hasira ya fundi anayeharibiwa kazi mbele ya wateja. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika hadi uani, "Stephano, jikaze! Mkristo hafi hivyo."

Kisha nikafanya baya zaidi. Wazee wetu husema mgonjwa aliye njiani akililiwa na ampendaye hurudi nyuma, roho ikakosa pa kupita, akateseka bure. Maneno hayo hayamo katika kitabu chochote cha Kanisa, lakini siku ile yalinifaa. "Mama, unamfunga," nikamwambia Yustina. "Toka nje, mwache mwenzio aende." Nikavifungua vidole vya Stephano kimoja kimoja kutoka kwenye kile kitenge. Vilikuwa vimekonda, lakini vilikuwa na nguvu, ilinibidi nitumie mikono miwili. Nikamtoa mwanamke, nikawatoa na wengine, nikaurudisha mlango.

Stephano alichukua karibu saa nzima. Mimi nasoma litania ya watakatifu, yeye anaita, "Yustina." Mimi nasema, "Utuombee," yeye, "Yustina." Sauti ilipungua hadi ikabaki midomo tu inayocheza. Hakumtaja mwingine, wala mbinguni wala duniani. Nilipotoka nje, Yustina aliinuka akaniuliza, "Alisema nini mwisho?"

Nikamjibu bila kupepesa macho, "Alilitaja jina la Yesu, akatulia."

"Asante, Katekista," akasema. Watu wakaitikia amina. Mimi nikaenda nyumbani, nikala chakula cha mchana, nikashiba.

Msimu wa karafuu ukafika. Mkarafuu ukiutazama unaonekana mti imara, kumbe matawi yake hukatika bila kutoa taarifa. Kila mtu wa huku anajua kwamba unajifunga kamba kiunoni, unaifunga kwenye shina, ndipo unanyoosha mkono kuchuma. Siku ile niliiacha kamba nyumbani. Mke wangu Veronika alinikumbusha, nikamfokea kwamba mimi nilipanda mikarafuu kabla yeye hajajua kusuka mkeka. Hasira hii nimezaliwa nayo, na haijawahi kunifaidisha hata siku moja.

Shamba langu limepakana na la Yustina, alilolipata kwa ukoo wa mama yake kama ilivyo desturi yetu Waluguru, na chini ya mashamba yote mawili kuna korongo. Mti wangu unaozaa kuliko yote umeliinamia korongo hilo. Saa tatu asubuhi nilikuwa juu yake, navuta kichala kilichokuwa mbali kidogo na mkono. Tawi likakatika.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka ubavu ukigonga ukingo, majani makavu yakiniteleza, miguu ikitafuta ardhi na kuikosa, na mikono yangu ikiwa imeshika mzizi. Chini yangu palikuwa na kimo cha migomba mitatu iliyosimama mmoja juu ya mwingine, kisha mawe, kisha maji.

Watu wengi wameniuliza ilikuwaje kukikaribia kifo vile. Leo nitasema kweli. Hakuna mlango, wala mahali pa kupiga hodi. Kuna mwili tu, na mwili wote unakataa. Masikio yalifunguka nikasikia kila kitu: maji ya chini, nyuki, na redio ya mtu ng'ambo ya korongo, watangazaji wakibishana kuhusu mpira. Nilikasirika kwamba mimi nakufa na wao wanabishia penalti. Nikaitafuta Baba Yetu. Nimewafundisha sala hiyo watoto wote wa kigango hiki, na wengine sasa nao wana watoto. Nikapata "Baba yetu uliye," basi. Nikaanza upya, nikaishia palepale. Nikahisi joto likishuka mapajani, nikajua nimejikojolea, na sikujali.

Kuna jambo ambalo sijamwambia hata Padre. Nikiwa pale nilimkumbuka Veronika, mke wangu wa miaka ishirini na sita, na wazo lililonijia ni kwamba afadhali angekuwa yeye kwenye mzizi ule na mimi niwe nyumbani. Sikumfikiria kwa mapenzi. Nilimfikiria kama mtu anayetafuta cha kubadilishana sokoni.

Ndipo nikapiga kelele. Sikuita jina la mtu, nilipiga kelele tu.

Aliyekuja ni Yustina. Alikuwa anaokota karafuu upande wake wa mpaka. Alilala kifudifudi pale ukingoni, akazungusha miguu yake kwenye shina la mkarafuu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakuwa na nguvu za kunivuta, mimi ni mtu wa kilo themanini. Nguvu zake zilitosha kunishikilia tu. Nami nikauachia mzizi kwa mkono wa pili, nikakamata kitenge chake begani, nikamvuta. Nilijua kwamba nikizidi kumvuta tutaanguka wote wawili. Nilijua vizuri kabisa, na nikazidi kumvuta.

"Sitaki kufa," nilisema. "Yustina, usiniache. Sitaki."

Maneno yalishatoka ndipo nikayatambua ni ya nani. Yustina aliyatambua pia, niliona usoni mwake, maana nyuso zetu zilikuwa karibu sana. Hakusema neno lolote la kunisuta. Alisema, "Nipo." Kila niliporudia, naye alirudia, "Nipo. Nipo hapa." Viwiko vyake vilikuwa juu ya changarawe, na kila nilipotikisika vilichubuka.

Tulikaa hivyo muda mrefu, mpaka akapita Halidi na vijana wake wawili wa kubeba mizigo. Halidi hununua ndizi huku na kuzipeleka mjini, na hatembei bila kamba. Walinifunga, wakanivuta, wakanilaza chini ya mti kama mkungu uliokwisha kukatwa. Ukoo wa Halidi na wangu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo hana haya na mimi. Alipohakikisha napumua, akanitazama suruali, akapiga kofi pajani.

"Jamani, Katekista kajikojolea! Kumbe huko mbinguni unakotusifia kila siku, mwenyewe hupataki?"

Vijana wakacheka hadi wakakaa chini. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na kwa sababu hiyo hakuna anayemwamini. Walidhani ni umande wa majani. Nikacheka nao, na mbavu mbili zilizovunjika zikanichoma. Yustina hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni, damu inamtiririka kutoka viwikoni, anatafuta kikapu chake.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshatangulia, na ilikuwa imeshavalishwa nguo nzuri. Veronika alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya kwamba mumewe amening'inia korongoni akisali mpaka malaika wakaleta msaada. Nani alimwambia nasali? Hakuna. Anadhani ananijua. Sikumsahihisha. Nilijilaza nikajibu salamu za pole, mia na kitu, "Mungu ni mwema," "Mungu ni mwema."

Jumapili Padre alipanda kutusomea misa. Baada ya matangazo akaniita mbele nitoe ushuhuda. Nilitembea kwenda mbele nikiwa na nia ya kusema kweli, naapa nilikuwa nayo. Kisha nikageuka, nikaziona zile nyuso, nyuso zilezile zilizonitazama chumbani kwa Stephano, na mdomo ukajisemea wenyewe. Nilisema kwamba nilisali Baba Yetu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilisema nilipata amani. Nilisema nilikuwa tayari kwenda. Akina mama wakapiga vigelegele, na Veronika akalia kwa furaha.

Yustina alikuwa benchi la tatu, viwiko vimefungwa bandeji. Naye aliitikia amina, kwa sauti ya kawaida, kama wengine.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo niliwahi kuihubiri kanisani humohumo, nikiwasema wengine. Siku tatu sikuweza kula. Veronika alidhani ni mbavu. Kila nikifumba macho naviona vidole vya Stephano na mimi navifungua, na vikishaisha vyake naanza kuviona vyangu begani kwa Yustina. Mtu aliyekuwa na haki ya kuvifungua vyangu hakuvifungua. Niliona nikiendelea kukaa kimya nitakuwa nimemzika Stephano mara ya pili, nami sitaweza tena kufungua kitabu mbele ya mgonjwa. Siku ya nne, baada ya chai, nikaenda.

Alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka, anatenganisha karafuu na vikonyo vyake.

"Hodi hapa. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, Katekista. Mbavu zinaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu." Akanisogezea kigoda. Sikukalia. Nilipiga magoti pale chini, taratibu kwa sababu ya maumivu, na yeye akashtuka.

"Inuka, Katekista. Watu watapita."

"Wapite. Yustina, kanisani nilidanganya."

"Najua," akasema. "Nilikuwepo pale korongoni."

"Kuna lingine, kubwa zaidi. Stephano hakulitaja jina la Yesu. Alikuita wewe. Tangu nilipourudisha mlango hadi alipokata roho, alikuita wewe tu. Mimi nilikunyima kuwa naye, halafu nikakuficha hata hilo. Nilimwaibisha mtu anayekufa, kwa kosa ambalo mimi mwenyewe nimelifanya mbele yako. Sijui niombe vipi. Nisamehe."

Aliendelea kutenganisha. Karafuu huku, vikonyo kule.

"Nilimsikia," akasema.

Sikumwelewa mara moja.

"Ukuta huu ni wa udongo, Katekista. Nilikuwa nimekaa hapo chini ya dirisha. Kila aliponiita nilimsikia. Na mlango uliurudisha tu, hukuuweka komeo, nilitazama. Ningeusukuma kwa kidole." Akatoa kijiti kwenye karafuu. "Sikuusukuma. Ulisema namfunga. Nikaogopa nikiingia atateseka kwa ajili yangu. Nikakaa, yeye ananiita, mimi nimekaa. Halafu ulipotoka nikakuuliza alisema nini. Nilitaka nione kama utanipa maneno yake. Hukunipa."

"Kosa ni langu," nikasema. "Lote ni langu. Wewe huna kosa hata kidogo."

"Lako unalo," akasema. "Usininyang'anye na langu."

Aibu niliyokwenda nayo pale nilidhani nikiisema itapungua, kama mzigo ukishautua. Haikupungua. Ilipata mahali pa kukaa. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno, kimya kikanishinda, nikasema tena.

"Hata hivyo, pamoja na yote unayoyajua juu yangu, ulinishika. Nilikuvuta karibu nikuue, na hukuniacha. Ungeniacha, nani angekulaumu? Mungu akulipe, Yustina. Ni upendo ambao sikuustahili."

Mikono yake ikasimama. Nimemjua mwanamke huyu tangu alipoolewa, na sikuwahi kumwona amekasirika mpaka wakati ule.

"Usinishukuru," akasema. "Niliposikia kelele ile, nilikimbia kabla sijajua ni nani. Hata nilipokuona sura, ulikuwa unaniita kwa maneno ya Stephano. Mimi sikukushika wewe, Katekista."