Kibao cha Severina

Kabla Majengo Mapya hapajawa mtaa, palikuwa kichaka tupu kwenye njia ya Ilongero, na watu wa mjini walifika huko kukata kuni tu. Mzee Mghenyi ndiye aliyechimba kisima pale kwa sururu na mikono yake, na mawe ya Singida mnayajua. Watu wakafuata maji, wakajenga. Walichota bure mpaka bomba lilipofika, na wakati huo mzee alikuwa ameshazikwa.

Alimwacha mkewe, Severina, na mwana mmoja, Michael, aliyerukwa na akili akiwa chuo cha ualimu. Michael hamgusi mtu. Hushinda barazani amefunga tai, akiwapa shikamoo hata watoto. Lakini vijana wa bodaboda hawana dogo. Wakapaita hapo "Kwa Kichaa", na jina likakolea.

Basi ilipotangazwa kwamba kila barabara ya mtaa itapewa jina na kibao, Severina alijifunga kitenge chake cha kanisani akaenda mkutanoni. Alitaka kitu kimoja tu, barabara ile iitwe Mghenyi.

"Ndugu zangu," akasema, "maji ya huyu mtu mmeyanywa wote. Nisaidieni, mwanangu asije akasoma tusi mlangoni kwake."

Wazee wakatazama viatu vyao. Ndipo akainuka Febronia, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye kila tofali la nyumba yake lilifyatuliwa kwa maji ya kisima kile.

"Mama Michael, usichukie. Binti yangu aliposhikwa na uchungu nilipigia simu gari la wagonjwa. Nikamwambia dereva ni kwa Mghenyi, hapajui. Nikamwambia ni kwa Kichaa, huyo kafika! Jina ni la kusaidia watu, mama."

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Vijana wakapiga honi za pikipiki zao. Mwenyekiti, ambaye naye aliogeshwa kwa maji yaleyale utotoni, akauliza wanaounga mkono jina la "Kwa Kichaa", na mikono ikajaa hewani. Severina aliuona hata mkono wa katekista. Aibu ilikuwa yao, ila aliyetoka ameinamisha kichwa ni yeye.

Kibao kikasimikwa mbele ya baraza lake. Mafundi walipoondoka, Michael akainyoosha tai, akakisogelea na kukisoma kwa sauti ya mwalimu darasani.

"Barabara ya Kwa Kichaa."

Akamgeukia mama yake, uso umejaa huruma.

"Mama, huyo kichaa anakaa wapi? Maskini, watu watamcheka kila siku."

Severina akakipa kibao mgongo.

"Alihama, mwanangu. Zamani."

"Afadhali," Michael akasema, akarudi kukaa.

Haukupita muda bodaboda ikafunga breki mbele yao, abiria akashuka.

"Kwa Kichaa hapa, bosi, umefika," dereva akasema.

Michael akasimama upesi, akainama kwa adabu.

"Shikamoo. Kama unamtafuta, hayupo. Mama anasema alishahama."