Macho ya Dudumizi

Wivu wa Rosa Mpawenimana ulianza na kidole gumba cha mtu asiyemjua.

Alikuwa ametoka Kumsenga, kijijini kwao Kibondo, alfajiri, amebanwa kwenye gari dogo la Noah mpaka mjini Kasulu, kwenda kuona ukurasa wa kwanza wa kitabu chake. Chake, ndivyo alivyokiita moyoni. Bwana Nurudini, mwenye duka la stesheneri na mashine ya kuchapia, alikuwa amesikia kwa mgeni mmoja habari za haiku, ushairi wa Wajapani wenye mistari mitatu tu: mizani tano, saba, tano. Akaupenda papo hapo, kama alivyopenda kila kitu kifupi kisichomaliza karatasi. Akabandika tangazo mlangoni: anataka haiku za ndege wa huku kwetu, zisomwe na watoto na wakubwa. Wenye shule zao wakaleta tai na uhuru, njiwa na amani. Rosa, aliyeishia darasa la saba, akaleta mnana, yule ndege anayefuma kiota.

*Mume kafuma;*
*mke aning'inia:*
*"Sitaki, vunja."*

Nurudini alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Binti, haya umeyatoa wapi?"

"Dunguni," Rosa alijibu. "Nimeamia mpunga wa baba miaka kumi na moja. Ukikaa juu ya kile kichanja na kombeo lako, huna kazi nyingine. Unawatazama ndege, na wao wanakutazama wewe. Anayechoka kwanza ndiye aliyeliwa."

Basi akapewa kazi. Haiku ishirini na nne, ndege ishirini na nne. Na siku hiyo ya Kasulu ukurasa wa kwanza ulikuwa mezani, wino haujakauka vizuri:

*Taji kichwani,*
*miguu matopeni:*
*bwana harusi.*

Juu ya maneno hayo alisimama msambi, yule korongo wa mabondeni mwenye taji la dhahabu, kaguu kamoja juu, shingo imepinda kwa maringo, tope likimrukia kwenye manyoya ya tumboni. Rosa alitaka kumwambia mtu kwamba tope lile ni lake yeye, kalisema yeye. Lakini kabla hajafungua mdomo, akaingia mzee aliyekuja kutoa kopi cheti cha ubatizo, akauchukua ule ukurasa.

"Lo! Nani kachora huyu? Huyu mchoraji ni moto!"

Kidole gumba chake kilikuwa kimekaa sawasawa juu ya haiku. Kimeifunika yote, mistari mitatu, mizani kumi na saba. Rosa alisubiri kisogee. Alikuwa mtu wa kusubiri, kusubiri kulikuwa ndiyo elimu yake. Mzee akaugeuza ukurasa, akautazama kwa mbali, akautazama kwa karibu, akaurudisha mezani, akaondoka na kopi zake. Kidole hakikusogea hata mara moja.

"Dada Rosa?" Msichana alitokea nyuma ya pazia, vidole vina rangi mpaka kwenye kucha, mtandio umerudi nyuma. "Ndiye wewe? Mimi Asmahani, mjomba Nurudini kanipa kazi ya picha. Wallahi nilidhani utakuwa bibi kizee, maneno yako yana mvi!"

Rosa akacheka, maana ilichekesha. Ndipo akajua ana shida. Mtu mbaya unamchukia ukalala. Huyu alikuwa mzuri.

Asmahani alikuwa mchoraji wa mabango. Kuta za saluni nusu ya mji wa Kasulu zilikuwa na wanawake wake, wamesukwa, wanatazama barabara kwa dharau. Ndege alikuwa hawajui. "Kwenye simu wamejaa," alisema, "wa Ulaya wamo, wa Afrika Kusini wamo, nachanganyikiwa. Wewe umewaona. Niambie tu, mimi nitachora kinachotoka mdomoni mwako." Basi ikawa hivyo. Rosa akirudi Kumsenga, jioni simu inalia: dada Rosa, chozi ana mdomo wa namna gani? Dada Rosa, kwezi akigeuka juani anakuwa bluu au kijani? Na Rosa anaeleza kila kitu, kwa uaminifu, kwa sababu alipenda ndege kuliko alivyompenda mtu yeyote. Kila alichoeleza kilirudi Kumsenga na Noah kimekuwa picha. Na kila picha ilipopita mikononi mwa watu, watu walisema Asmahani, Asmahani.

"Na maneno je?" Rosa alimuuliza siku moja mke wa jirani, aliyekuwa ameshika ukurasa wa chozi.

"Maneno gani?" yule mama akauliza.

Usiku ule Rosa hakula. Mama yake alimuuliza kama ni malaria.

Ikaja zamu ya dudumizi. Ilikuwa Oktoba, mashamba yamekwatuliwa, mbegu ziko ndani zinasubiri, na mbingu ya Kibondo nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa. Kila mtu alikuwa akitegea sikio vichakani, kwa sababu huku kwetu dudumizi ndiye anayeiita mvua. Rosa alikuwa ameitunga haiku hiyo kwa siku tisa. Alijua kuwa ndiyo bora kuliko zote.

*Vumbi jembeni,*
*dudumizi kaita.*
*Wingu lasita.*

Simu ililia akiwa njiani kutoka mtoni.

"Dada Rosa, hii imenitoa machozi. Hili wingu linalosita! Sasa sikia, nataka uso wake ujaze ukurasa mzima. Macho yake rangi gani?"

Rosa alitua ndoo. Macho ya dudumizi ni mekundu. Alikuwa ameyaona mara mia, mekundu kama pilipili iliyoiva, yakimchungulia kutoka kwenye matete. Uso ujaze ukurasa mzima, anasema. Na maneno yakae wapi? Chini, kwenye kona, panapoenea kidole gumba.

"Manjano," Rosa akasema.

"Manjano?"

"Ego, ndiyo. Manjano ya kung'aa. Makubwa, ya mviringo."

"Sawa, dada yangu. Mungu akubariki."

Rosa akajitwika ndoo. Maji yalimwagika kidogo begani, ya baridi. Akajiambia ni rangi tu, nani atajua.

Jumamosi Nurudini alikuja Kumsenga na gari la kuazima, Asmahani na kurasa zote ishirini na nne. Kabla ya kuchapa alitaka kuzijaribu kwa watu wenyewe, wakubwa kwa wadogo. Wakachagua ukumbi wa mashine ya kusaga, maana Jumamosi pale hakosekani mtu: kina mama na magunia ya mahindi, watoto waliotumwa, wazee waliokuja kusikiliza tu mashine. Asmahani alifunga kamba nguzo kwa nguzo, akazitundika kurasa kwa vibanio vya nguo, kila moja imefunikwa kwa karatasi nyeupe. Mashine ikazimwa. Rosa akasimama kusoma, na kila akisoma ukurasa mmoja, Asmahani anaufunua.

Mnana alipita kwa vicheko. "Huyo ni mke wa Habonimana!" sauti moja ikasema, na Habonimana mwenyewe, mwenye mashine, akacheka kuliko wote. Msambi alipita kwa makofi. Kisha Rosa akasoma ya dudumizi, na kwa mara ya kwanza aliona maneno yake yakiingia ndani ya watu. Mama mmoja alifumba macho. Mzee akaitikia taratibu, "Wingu lasita. Kweli, linasita." Rosa alisikia utamu mpaka kwenye magoti.

Asmahani akafunua picha.

Halafu mtoto mmoja, "Yemwe! Bundi!"

"Siyo bundi, ni dudumizi," Asmahani akasema.

"Dudumizi gani ana macho hayo? Mama yake alilala na bundi!"

Watoto wakaanguka kwa vicheko. Wakubwa hawakucheka. Bibi Ndayikunda, aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake, alimvuta mjukuu wake akamfunika uso kwa kitenge. "Nani kaleta bundi hapa mchana? Mvua yenyewe tunaiomba kwa magoti, nyinyi mnamchora mwitaji wake na macho ya kifo?"

"Ndiyo maana haiji," mwanamume mmoja akadakia. "Wanachora uchawi Kasulu, tunakauka sisi."

Mama aliyekuwa na mtoto mgonjwa mgongoni aliinua mahindi yake ambayo hayajasagwa hata nusu, akaondoka. Nyuma yake wakaanza kunyanyuka wengine. Nurudini, jasho likimtiririka, alimsogelea Rosa akanong'ona, "Binti, maneno yako wameyapenda. Tumwache msichana, picha tuzitoe zote. Tuchape maneno matupu. Unasemaje?"

Lilikuwa ndilo jambo ambalo Rosa alikuwa akilitaka tangu siku ya kidole gumba. Kitabu chake, cheupe, mistari mitatu katikati ya kila ukurasa, hakuna cha kufunika. Mdomo ulikuwa tayari kusema ndiyo.

Lakini Asmahani alikuwa amepiga hatua mbele. Akaificha mikono yake yenye rangi ndani ya mtandio. "Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Mnisamehe. Dada Rosa ameandika sawasawa. Kosa ni la mkono wangu. Mimi ni mtu wa mjini, nimemchora ndege nisiyemjua."

Umati ukatulia. Aliyekuwa amenyanyuka akakaa.

"Ana adabu," mtu akasema.

"Mtoto wa watu, kakubali kosa mbele ya kadamnasi. Wangapi wanaweza?"

Bibi Ndayikunda alimfunua mjukuu uso. Akasogea juu ya gunia, akapigapiga nafasi aliyoiacha. "Njoo ukae hapa, mwanangu. Umesimama sana." Mama mwingine akampa Asmahani karanga za kukaanga kwenye kipande cha gazeti. Watu wakamzunguka, wakamfundisha wote kwa pamoja, mgongo wa kahawia, mkia mrefu mweusi, macho mekundu, mekundu, binti yangu.

Na Rosa akabaki amesimama peke yake kando ya kamba.

Wivu wa kwanza ulikuwa kama mwiba. Huu sasa ulikuwa moto wa nyikani. Huyu msichana alikuwa amechukua macho ya watu. Amechukua sifa. Na sasa amechukua hata kosa! Kosa lilikuwa la Rosa, kalipanga Rosa mwenyewe na ndoo yake njiani, na huyu kalibeba na kulipwa karanga juu yake. Watu wamempenda kwa uovu wa Rosa kuliko walivyowahi kumpenda Rosa kwa wema wake.

"Si lake!" Rosa alipiga kelele.

Wakageuka.

"Kosa si lake, ni langu! Mimi ndiye niliyemwambia manjano. Aliniuliza, nikamdanganya. Nilijua ni mekundu. Nani asiyejua? Asijifanye amekosea, hajakosea kitu yule!"

Alisema kwa hasira, kama mtu anayedai kuku wake aliyeibwa. Hakuna aliyemwambia ana adabu. Habonimana alitazama chini, akaanza kupangusa mkanda wa mashine ambao haukuwa na vumbi. Mama yake Rosa, nyuma ya umati, akaweka mkono mdomoni.

Asmahani alisimama. Karanga zikamwagika. Upole wote ulimtoka usoni na Rosa akaona kwamba naye ni mtu. "Kwa nini?"

"Kwa sababu wanakutazama wewe."

"Na wewe wanakusikia! Tangu asubuhi wanarudia maneno yako, umeona hata mmoja aliyerudia picha yangu? Picha inarudiwaje, dada Rosa? Nikifa leo, mtoto hapa atasema 'wingu lasita' mpaka anazeeka. Yangu italiwa na mchwa!" Akazikanyaga karanga akimsogelea. "Nilikuwa nakuonea wivu kila nikikupigia simu. Lakini sikukuchoma."

Miaka kumi na moja ya kutazama, na hili Rosa hakuliona.

"Basi," Nurudini akasema kwa uchovu, "tukusanye vitu. Kitabu hakuna."

"Kitabu kipo," Asmahani akasema. Alichomoa ukurasa wa dudumizi kwenye kibanio, akaukunja mara nne. "Lakini simchori tena ndege wa mdomoni mwa mtu. Nipeleke alipo, sasa hivi. Na usiniambie kitu chochote. Hata neno moja. Nitatazama mwenyewe."

Mjomba wake alitazama saa, akatazama uso wa mpwa wake, akaenda kukaa garini.

Wakashuka bondeni, wawili tu. Kwenye ukingo wa matete Rosa alichuchumaa, na Asmahani akachuchumaa kando yake, daftari gotini, viatu vyake vya mjini vikizama. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu, na Rosa aliujua uzito wake: kukaa kimya karibu na mtu anayejifunza kuona unachokiona wewe. Mara tatu alitaka kumwonyesha kwa kidole. Mara tatu akakikunja kidole.

Jua lilikuwa limeshuka kiasi cha mkono mmoja matete yalipotikisika. Dudumizi alipanda juu ya bua kwa uzito wake ule wa mama mwenye mimba, akajinyoosha, akageuza kichwa, akawatazama kwa jicho moja.

Rosa aliusikia mkono wa Asmahani ukisita juu ya karatasi.

"Makaa hai," Asmahani alinong'ona.

Rosa akahesabu kwa vidole, ndani ya kiganja, bila kutaka. Ma-ka-a-ha-i. Tano. Tano kamili, na yule hakuhesabu hata moja, yalimtoka tu, kama jasho. Yeye Rosa alitumia siku tisa na hakuyaona makaa. Mwiba ule ule, mahali pale pale. Akautazama ukizama.

"Endelea," akamwambia kwa sauti ndogo, ndege asiruke. "Bado saba, na tano nyingine."