Gari la Maji ya Kunde

Mimi kukaa kitako siwezi, wallahi. Tangu nimalize fomu foo nimeuza maji, nimebeba mawe, vyote vimenichosha. Sasa niko gereji kwa Fundi Ngumbao, mpaka rangi wa magari hapa Mishomoroni, na wiki mbili nzima nimepiga msasa Peugeot 404 ya Bi Mwanatabu.

Gari lilinunuliwa na marehemu mumewe. Baadaye watoto wakalikwangua hadi bati, wakalipaka buluu, wakaliacha uani lishike kutu. Rangi ya kwanza haikubaki hata chembe.

"Nataka rangi aliyokuja nayo marehemu," Bi Mwanatabu alituambia. "Maji ya kunde. Nyingine sitaki."

Ngumbao akanigeukia. "Jafar, rangi nakuachia wewe. Ukiipata, boneti unapuliza mwenyewe. Ukiikosa, ni msasa mpaka Ramadhani."

Kupuliza! Nilikuwa naota hiyo tu. Nikakimbia nyumbani. Mamangu alikuwa amebandika kunde, nikachota maji yake kwenye chupa ya soda, mbio hadi duka la rangi. Griffin wa pale dukani, mtu wa bara, akaiinua chupa.

"Buda, hii nichanganye ama ninywe?"

"Changanya rangi ifanane nayo."

Akachanganya, tukapaka kipande cha bati. Kilipokauka nikampelekea Bi Mwanatabu kwake.

"Shikamoo bibi. Rangi yako hii."

"Marahaba." Akakigeuza, akanirudishia. "Hili tope, mwanangu."

"Bibi, maji ya kunde hasa! Nimeyachota chunguni!"

"Chunguni?" Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. "We mtoto! Marehemu alisimama hapo mlangoni akaniita, 'Mwanatabu, toka uone, nimepata gari la rangi yako.' Maji ya kunde ni mimi!"

Haya niliyoona, we acha tu.

"Basi twende dukani, bibi."

"Na jua lote hili lililoniunguza?" Akafikiri kidogo, akasukuma bangili zake juu. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe kidogo, laini. "Hapa jua halijafika tangu niolewe."

Tukapanda tuktuk. Griffin alipouona mkono juu ya kaunta hakuleta mzaha tena. Anatia tone la manjano, anapaka kwenye bati, analinganisha. Tone la nyeupe, analinganisha. Mara ya tano Bi Mwanatabu akachukua bati, akatoka nalo nje kwenye mwanga, akaliweka kando ya mkono wake.

"Ndiyo hii," akasema. "Aa, ndiyo yenyewe."

Ijumaa baada ya swala Ngumbao akanipa bomba la kupulizia rangi. "Usisimame mahali pamoja, itatiririka." Nikapuliza mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, pumzi nimeibana, na haikutiririka hata tone.

Bi Mwanatabu akaja kutazama. Kabla hatujamzuia, kidole chake kishafika kwenye boneti.

"Bado mbichi, mama!" Ngumbao akapiga kelele. Alama imebaki pale, karibu na taa. Fundi akataka tuipige msasa upya.

"Iacheni," Bi Mwanatabu akasema.

"Jafar, boneti ni yako. Mwambie!"

Mimi nikajifanya naosha bomba.